Sir William Lyons, Bwana wa Jaguar
Nilipokuwa Timau, baridi ya Mlima Kenya ikinipenya kanzuni, nilimkumbuka marehemu Sir William Lyons. Alizaliwa Blackpool, Uingereza, mwaka 1901. Mwaka 1922 yeye na mwenziwe walianza kuunda vigari vya ubavuni mwa pikipiki. Mwishowe akawa bwana wa Jaguar. Gari lake la XK120 lilitoka wazi mwaka 1948, lina turubai tu; la paa la chuma likafuata 1951. La wazi, msomaji, ni letu wa pwani, jioni kusi ikivuma. La paa ni la Timau. Lakini mwaka 1955 mwanawe wa pekee wa kiume alifia barabarani Ufaransa, ndani ya Jaguar yenye paa. Baba alistaafu 1972, akafariki 1985. Ajali haina kinga.