Sheikh Kaluta Amri Abedi: Meya Aliyejua Mizani

Mvuke wa Olkaria ulikuwa ardhini karne na karne bila kuwasha taa hata moja. Visima vya kwanza vilichimbwa katika miaka ya 1950, lakini mtambo wa kwanza wa umeme, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka wa 1981. Aliyeona nguvu chini ya miamba alihitaji mwenye kuchimba na kulaza mabomba. Nakuru, mji mkuu wa kaunti yenye Olkaria, ulipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka wa 2021. Ingawa Kenya haina mameya tangu mwaka wa 2013, swali la kale lingalipo: mji upewe mwenye maono au mtendaji? Maisha ya mshairi mmoja aliyekuwa meya yanatusaidia kulipima.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka wa 1924, akasoma Tabora. Alikuwa mhubiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya, na alishiriki katika kazi ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, tafsiri iliyochapishwa mwaka wa 1953. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mpango wa kitabu hicho unatuonyesha tabia ya mwandishi wake: kwanza anaeleza vina, mizani na kanuni nyinginezo, kisha anatoa tungo zake mwenyewe zipimwe kwa kanuni hizo hizo. Hakuwatwika wengine mzigo ambao yeye hakuubeba.

Mwaka wa 1960 mwenye diwani aliwaongoza madiwani: alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, Tanganyika ikiwa bado chini ya utawala wa Mwingereza. Haifai kumvika sifa za barabara na majumba ambazo muda wake mfupi haukuziruhusu. Hata hivyo, kukalia kiti kile kulikuwa tendo lenye maono ndani yake, kwani kulionyesha kabla ya uhuru wa Desemba 1961 kwamba mwenyeji aweza kuusimamia mji wake. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Sheria mwaka wa 1963, kisha akaongoza wizara ya maendeleo na utamaduni wa taifa. Alifariki nchini Ujerumani mnamo Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 40. Uwanja wa michezo wa Arusha unabeba jina lake.

Wapo watakaosema kwamba mji hauzolewi taka kwa beti. Ni kweli. Lakini mshairi wa arudhi si mwotaji mtupu. Ni mtu aliyezoea kuhesabu silabi, akakubali kwamba wazo zuri lisilotoshea mstari halina budi kufinyangwa upya. Bajeti nayo ina mizani yake. Kwa upande mwingine, mizani iliyotimia bila wazo huzaa ubeti mkavu, kama vile hesabu safi isivyotosha kumwonyesha mkazi mji wake unakoelekea.

Kwa hiyo, anayeomba uongozi wa mji na aulizwe mambo mawili kwa pamoja: anaona nini, na amewahi kukipima kwa kanuni gani? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Asiyejua kilichomo mvunguni atainama bure. Anayejua naye, asipoinama, hatakipata.