Kijana wa Soko la Samaki Aliyekuwa Gavana

Alfred Emanuel Smith, ambaye watu wote walimwita Al, alizaliwa mjini New York tarehe 30 Desemba, 1873, katika mtaa wa watu wa kazi karibu na bandari. Baba yake, mchukuzi wa mizigo kwa magari ya farasi, alifariki mwaka 1886. Kijana akaacha shule ya parokia kabla ya kumaliza darasa la nane, ili amsaidie mama yake mjane. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi katika soko la samaki la Fulton kwa dola 12 kwa juma. Hata alipokaa kati ya wanasheria, hakulionea haya soko lile; alipenda kusema kwa mzaha kwamba ndiko alikopata shahada yake.

Aliingia katika siasa kwa mlango wa Tammany Hall, jumuiya ya Wademokrati wa mji ule. Jumuiya hiyo ilikuwa na sifa mbaya ya rushwa, wala hakuna haja ya kulificha jambo hilo. Ndiyo iliyompatia kazi ya ukarani mwaka 1895, tena ndiyo iliyompeleka Albany mwaka 1904, katika Baraza la Kutunga Sheria la New York. Mwanzoni alikaa kimya, kwa maana hakuielewa miswada. Basi usiku alijifungia chumbani akaisoma, neno kwa neno, mpaka wenzake wakawa wanamwendea yeye kuuliza maana yake. Mwaka 1913 alikuwa Spika.

Lakini jambo lililompa kazi yake kubwa lilitokea tarehe 25 Machi, 1911. Kiwanda cha nguo cha Triangle kiliwaka moto mjini New York, wakafa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Smith aliwaendea jamaa za marehemu kuwafariji. Kisha akawa makamu wa mwenyekiti wa tume ya kuchunguza viwanda, chini ya Robert Wagner. Walizunguka viwandani wakaona kwa macho yao wenyewe, na sheria nyingi zikafuata: milango ya moto, saa za kazi za wanawake, siku moja ya kupumzika katika juma. Wenye viwanda vya kutia vyakula makoponi walipoomba wasamehewe siku hiyo, Smith aliwakumbusha kwamba Mungu alipoamuru sabato itakaswe hakuwatenga wao.

Alichaguliwa kuwa Sherifu mwaka 1915, na Gavana mwaka 1918. Alishindwa mwaka 1920, akarudi kwa ushindi mwaka 1922, 1924 na 1926. Alikuta idara na tume zaidi ya 180, nyingi zikigongana. Akaziunganisha zisizidi 20. Kazi hiyo haiimbwi na mtu, lakini ndiyo iliyodumu.

Mwaka 1928 Wademokrati walimteua kugombea Urais wa Marekani, Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa. Mwaka mmoja kabla yake, mwanasheria mmoja alikuwa amemwuliza hadharani kama Mkatoliki aweza kuitii Katiba. Smith alisaidiwa na Padre Francis Duffy kutunga jibu: alikuwa amekula kiapo cha kazi mara 19, wala hakuona hata mara moja imani yake ikipingana nacho. Hata hivyo uvumi ulienezwa kwamba Papa angetawala Washington. Si dini peke yake iliyomshinda. Nchi ilikuwa na neema, naye alipinga waziwazi sheria ya kukataza pombe. Herbert Hoover alipata kura 444 za majimbo, Smith 87, na New York yenyewe ikamwacha.

Baadaye aliongoza kampuni iliyojenga Empire State Building, jumba lililofunguliwa mwaka 1931. Akakosana na Franklin Roosevelt, aliyekuwa rafiki yake. Kwa maoni yetu uchungu wa mwaka 1928 ulikuwa na sehemu yake katika ugomvi huo.

Mkewe Catherine, aliyemwoa mwaka 1900 na kumzalia watoto watano, alifariki Mei, 1944. Yeye alimfuata tarehe 4 Oktoba mwaka uleule. Jeneza lake liliwekwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrisi, na watu kwa maelfu wakapita kumwaga.