Bibi Rokeya wa Bengal

Kikombe cha chai tunywacho asubuhi, aghalabu majani yake yamepita mikononi mwa mwanamke wa Kericho au Bomet, aliyeingia shambani alfajiri na kikapu mgongoni. Hatumwulizi kwa nini ametoka nyumbani. Lakini binti yetu akitaka kutoka kwenda kusoma, wako miongoni mwetu wanung'unikao. Kwa hivyo twaona yafaa kuyaeleza maisha ya Bibi Rokeya Sakhawat Hossain, Mwislamu wa Bengal, aliyelikabili jambo hili kwa kalamu na kwa vitendo.

Alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Pairaband, Rangpur, ambako leo ni Bangladesh. Baba yake hakuridhia mabinti wasome Kibengali wala Kiingereza. Kaka yake, Ibrahim, ndiye aliyemfundisha kwa siri usiku, watu wakisha kulala. Mumewe, Sayyid Sakhawat, alimhimiza aandike, akamwachia na fedha za kuanzishia skuli ya wasichana.

Mwaka 1905 alitoa kisa kiitwacho Sultana's Dream, yaani Ndoto ya Sultana. Humo wanaume ndio watawao majumbani, na wanawake ndio watawalao nchi kwa elimu: wateka maji mawinguni, wapika kwa joto la jua. Mwanamume akisoma hucheka; kisha hana budi kujiuliza, ikiwa kufungiwa yeye ni dhuluma, kufungiwa dada yake ni nini? Katika riwaya ya Padmarag, ya mwaka 1924, aliwaonyesha wanawake wa dini mbalimbali wakikaa pamoja, wakifundisha na kujitegemea kwa kazi zao.

Mumewe alifariki mwaka 1909. Bibi Rokeya akafungua skuli Bhagalpur kwa wanafunzi 5. Mwaka 1911 akaanza tena Calcutta kwa wanafunzi 8. Alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi wazazi. Alilaumiwa sana, lakini hakuiacha skuli, wala hakuacha kujisitiri. Aliipambanua sitara, ambayo ni ya dini, na kifungo, ambacho ni ada ya watu. Alifariki tarehe 9 Desemba 1932.

Basi enyi ndugu, ikiwa twauridhia mkono wa mwanamke utoke kutuchumia chai, kwa hoja gani twaizuia akili ya binti yetu isitoke kutafuta elimu, ambayo ni faradhi kwa kila Mwislamu? Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Rokeya, na atuzindue sisi. Amin.