Ibn al-Haytham na Milima ya Taita

Dereva apandaye Mghange kutoka Voi, akiitegemea simu imwonyeshe njia, huenda akaona alama yake imerukia bondeni ilhali gari liko barabarani. Aghalabu simu ndiyo hulaumiwa. Mimi humkumbuka mwanachuoni aliyefariki karibu miaka elfu iliyopita, Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, Mungu amrehemu.

Alizaliwa Basra mnamo mwaka 965. Wanahistoria wasimulia kwamba akiwa huko kwao alipiga hesabu, akaona maji ya mto Nili yaweza kuzuiwa na kugawanywa. Khalifa al-Hakim wa Misri akamwita, akampa watu na mali. Alipofika karibu na Aswan akaitazama ardhi yenyewe, akatambua kuwa kazi ile haiwezekani. Akarudi Cairo na habari hiyo. Khalifa alikuwa mtu wa kuogopwa; basi Ibn al-Haytham akajitia wazimu, akafungiwa nyumbani hata al-Hakim alipotoweka mwaka 1021.

Alituachia Kitab al-Manazir, juzuu saba za elimu ya nuru. Alifundisha kwamba nuru ina mwendo, na kwamba mwendo huo hupungua ipitapo ndani ya maji. Tena aliuliza: nuru ikipiga kioo cha mviringo, hudunda nukta ipi hata ilifikie jicho? Swali hilo lingali laitwa kwa jina lake.

Mawimbi ya redio ni ndugu wa nuru. Setilaiti ziongozazo simu ziko juu kiasi cha kilomita 20,000, na simu hupima umbali kwa muda ambao wimbi limetumia njiani. Mwendo wa wimbi ni kilomita 300,000 kwa sekunde. Likichelewa sehemu moja tu katika milioni kumi za sekunde, hesabu ya umbali huzidi mita 30. Milimani, kilele huziba upande mmoja wa mbingu. Wimbi hupiga jabali au ardhi iliyolowa mvua, likadunda, likafika limechelewa. Hewa yenye unyevu nayo hulipunguza mwendo kidogo. Simu huhesabu kana kwamba wimbi limekuja moja kwa moja. Hesabu ni nzuri, kama ile ya Basra. Ardhi ndiyo haikuulizwa.

Ibn al-Haytham alifariki Cairo mnamo mwaka 1040, akila jasho lake kwa kunakili vitabu. Wengi humsifu kwa elimu ya macho na vioo. Mimi namsifu zaidi kwa siku ile ya Aswan, alipokubali kushindwa na ardhi hali akijua ni nani anayemngoja Cairo.