Sonja Henie na Waamuzi Watano

Sonja Henie alizaliwa Norway mwaka 1912, akawa stadi wa kuteleza na kucheza juu ya barafu. Mwaka 1927, mjini Oslo, alimshinda bingwa wa dunia, Herma Szabo wa Austria. Waamuzi walikuwa watano: watatu Wanorway walimpa Sonja ushindi, wawili wageni wakamchagua Herma. Malalamiko yakazuka, ikawekwa kanuni: kila nchi mwamuzi mmoja tu. Sonja akashinda tena kila mwaka hata 1936, alifariki 1969.

Mimi nimepata kuamua mashindano ya nyimbo ya mabweni, nikalipendelea langu. Wenzangu waliimba vizuri kweli, lakini hakuna aliyesadiki. Naona haya: niliwanyang'anya sifa yao.