Mtoro bin Mwinyi Bakari na Kipimo cha Hadhi ya Mwanazuoni

Wanasaikolojia wamekwisha kujaribu kuipima hadhi ya wenzao kwa hesabu. Mwaka 2002 Steven Haggbloom na wenzake walitoa orodha ya wanasaikolojia mashuhuri wa karne ya 20, wakitumia, pamoja na vigezo vingine, idadi ya mara ambazo kila mmoja ametajwa katika majarida na vitabu vya kiada. Leon Festinger, mtafiti wa saikolojia ya jamii, alishika nafasi ya 5. Kipimo cha namna hii huhesabu majina yaliyopigwa chapa, na hapo ndipo maisha ya Mtoro bin Mwinyi Bakari yanapotutatiza.

Mtoro alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo, akapata elimu ya Kiislamu. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, ambamo maofisa wa koloni walikuwa wakiandaliwa. Alifundisha, basi, watu waliokuwa wakijiweka tayari kuwatawala ndugu zake. Mwaka 1903 kilitoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa ya habari zake, tangu uzazi, jando na unyago hadi ndoa na mazishi, ilitokana na kalamu ya Mtoro. Jina la jaladani lilikuwa la Carl Velten. Tumtendee Velten haki: katika dibaji aliutambua mchango wa Mtoro. Lakini dibaji haihesabiwi na mtu.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata aliiacha Seminari kufuatia mgogoro na wanafunzi wasiotaka kumheshimu mwalimu Mwafrika. Akasafiri na mkewe kurudi kwao, serikali ya kikoloni ikawakatalia kukaa pamoja nchini, wakarejea Ujerumani. Baadaye alimsaidia Carl Meinhof mjini Hamburg, tena akatoa mihadhara huku na huko ili apate riziki. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Jina lake lilifika jaladani mwaka 1981, katika tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen. Hata hivyo, mwanafunzi wa uzamili akaaye Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, akiandika tasnifu juu ya unyago wa pwani na kutumia chapa ya 1903, atakiorodhesha kitabu hicho chini ya herufi V.