Clutha Mackenzie

Sir Clutha Nantes Mackenzie (Balclutha, Nyuzilandi, 11 Februari 1895 – 30 Machi 1966) alikuwa askari, mhariri, mbunge na mtetezi wa watu wasioona. Mwenyewe alipofuka akiwa na umri wa miaka 20. Aliongoza kazi ya UNESCO ya kupatanisha maandishi ya nukta nundu (Breli) ya lugha mbalimbali za dunia. Katika Afrika ya Mashariki anakumbukwa hasa kama mwanzilishi wa elimu rasmi ya watoto wasioona nchini Uganda.

Maisha ya awali

Jina lake lilitokana na mto Clutha unaopita katika mji alikozaliwa. Baba yake, Thomas Mackenzie, alikuwa mwanasiasa aliyeshika uwaziri mkuu wa Nyuzilandi kwa miezi michache mwaka 1912, kisha akaiwakilisha nchi hiyo mjini London.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, Clutha alijiunga na askari wapanda farasi. Mwezi Agosti 1915, katika mapigano ya Chunuk Bair kwenye rasi ya Gallipoli (Uturuki), alijeruhiwa na kombora akapoteza macho yote mawili.

Alipelekwa Uingereza, katika kituo cha St Dunstan's cha askari waliopofuka vitani. Mwanzilishi wa kituo hicho, Arthur Pearson, alikuwa mmiliki wa magazeti ambaye naye alipoteza uwezo wa kuona. Wanafunzi walijifunza kusoma kwa vidole, kupiga taipu na kufanya kazi za mikono. Jambo la kwanza walilozoezwa lilikuwa kutokubali kuhurumiwa. Mackenzie alijifunza haraka: mwaka 1916 alikuwa tayari mhariri wa gazeti la askari wa Nyuzilandi walioko ng'ambo, akabaki na kazi hiyo hadi vita vilipokwisha.

Kazi Nyuzilandi

Mwishoni mwa mwaka 1921 alichaguliwa kuwa mbunge wa Auckland East kwa tiketi ya chama cha Reform. Hakukaa muda mrefu. Katika uchaguzi wa 1922 alishindwa na John A. Lee wa chama cha Labour, naye pia majeruhi wa vita, aliyekuwa amepoteza mkono mmoja.

Kushindwa huko kulimrudisha kwa wasioona wenzake. Kuanzia 1923 hadi 1938 alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya wasioona mjini Auckland, iliyokuwa na shule ya watoto pamoja na karakana za watu wazima. Mwaka 1935 alitunukiwa cheo cha "Sir".

India na suala la nukta nundu

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikwenda India, akasimamia kituo cha askari wa Kihindi waliopofuka huko Dehra Dun. Hapo alikutana na tatizo lililokuja kuwa kazi yake kubwa kuliko zote.

Maandishi ya nukta nundu yalibuniwa na Mfaransa Louis Braille katika karne ya 19. Kila alama huundwa kutokana na nafasi sita: nukta ya 1, 2 na 3 upande wa kushoto kutoka juu kwenda chini, na nukta ya 4, 5 na 6 upande wa kulia. Kwa njia hiyo hupatikana alama 63. Lakini walimu na wamisionari waliopeleka maandishi hayo Asia walizigawa alama kila mmoja kwa namna yake. India peke yake ilikuwa na mifumo kadhaa. Kitabu kilichochapwa kwa mfumo mmoja hakikuwa na faida kwa mtoto aliyefundishwa mwingine, na vitabu vyenyewe vilikuwa vichache na ghali.

Mwaka 1949 serikali ya India iliomba msaada wa UNESCO, nayo ikamteua Mackenzie kuwa mshauri. Mikutano ilifanyika Paris (1950), Beirut (1951) na Montevideo (1951). Kanuni iliyokubaliwa ni nyepesi kueleza: sauti zinazolingana zipewe alama ileile aliyoiweka Braille, hata kama lugha na hati ni tofauti. Kiarabu nacho kikaandikwa kwa nukta kutoka kushoto kwenda kulia.

Matokeo yake yanaonekana katika neno "kitabu". Konsonanti zake ni K (nukta 1 na 3), T (nukta 2, 3, 4 na 5) na B (nukta 1 na 2). Alama hizo ni zilezile katika Kiswahili, Kiingereza, Kiarabu na Kihindi. Mtoto wa pwani anayejua kusoma Kiswahili kwa vidole hahitaji kuanza upya anapofika darasa la Kiarabu.

Mapatano hayo yalikuwa na gharama, na si haki kuyasimulia bila kuitaja. Watu wazima waliozoea mifumo ya zamani walilazimika kujifunza tena, na vitabu vyao vikapitwa na wakati.

Mackenzie alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Dunia la Breli, na jedwali la lugha zote lilichapishwa katika kitabu World Braille Usage.

Uganda

Mwaka 1952 Sir Andrew Cohen, gavana wa Uganda, alimwalika Mackenzie kuanzisha elimu ya watoto wasioona. Wakati huo watoto wengi wa Afrika ya Mashariki walipofuka kwa sababu ya trakoma, surua, ndui au ukosefu wa vitamini A, na wengi wao walibaki nyumbani bila kusoma. Tanganyika ilikuwa na shule changa ya Buigiri, karibu na Dodoma, iliyoanzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950.

Mwalimu asiyeona alikuwa na uzito ambao hotuba za maafisa hazikuwa nao: mzazi aliyedhani mwanawe hawezi kufundishwa aliweza kumwona mzee huyu akisoma. Mwaka 1955 ilianza shule ya Madera, Soroti, ambayo inaendelea hadi leo. Elimu ya watoto viziwi nchini Uganda ilifuata miaka michache baadaye.

Kifo

Mackenzie alifariki akiwa na umri wa miaka 71. World Braille Usage ilitolewa upya mwaka 1990 na tena mwaka 2013.